Profesa Aliyeitilia Shaka Mizani

Mwaka 1971 wazazi weusi wa San Francisco, huko Marekani, walifungua kesi katika mahakama ya shirikisho. Watoto wao sita walikuwa wamepelekwa katika madarasa ya wenye upungufu wa akili, na kilichowapeleka huko ni mtihani wa kupima akili. Aliyepata alama 75 au chini yake alihesabiwa kuwa wa huko. Lakini watoto hao hao walipopimwa upya na wanasaikolojia weusi, watu waliowazoea kwanza na kuwauliza kwa maneno wanayoyaelewa, wote sita waliuvuka mpaka ule.

Kesi hiyo inajulikana kwa jina la Larry P. dhidi ya Riles. Wilson Riles, aliyeshitakiwa, alikuwa mkuu wa elimu wa jimbo la California, na yeye pia alikuwa mtu mweusi, wa kwanza kuchaguliwa kushika wadhifa wa jimbo zima. Kwa hiyo asije mtu akadhani kwamba hii ni hadithi ya Mzungu mbaya na Mweusi mwema. Takwimu za mwaka wa shule 1968-69 ndizo zilizotia wasiwasi: watoto weusi walikuwa kama asilimia 9 ya wanafunzi wote wa California, lakini katika madarasa hayo walikuwa asilimia 27.

Miongoni mwa wataalamu waliosimama kizimbani kutoa ushahidi upande wa watoto alikuwamo Asa Hilliard, profesa wa Chuo Kikuu cha Jimbo, San Francisco. Alizaliwa Galveston, Texas, mwaka 1933, katika ukoo wa walimu. Alifundisha katika shule za Denver kabla ya kupata shahada yake ya uzamivu mwaka 1963. San Francisco alipanda hadi kuwa mkuu wa kitivo cha ualimu, na katika miaka hiyo hiyo alikwenda Liberia, akasimamia shule za Monrovia. Yaani aliyakuta madarasa yaliyojaa watoto weusi ambao hakuna aliyedhani kuwa weusi wao ni ugonjwa.

Sasa, huo mtihani ni kitu gani hasa? Wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Alfred Binet alipoutunga wa kwanza mjini Paris, mwaka 1905, alitaka kujua ni mtoto gani anayehitaji msaada darasani. Hakusema kuwa anapima kitu ambacho mtu huzaliwa nacho kisibadilike. Wamarekani ndio waliougeuza ukawa mizani ya akili. Toleo la Wechsler la mwaka 1949, lililotumika mno mashuleni, viwango vyake viliwekwa kwa kuwapima watoto weupe peke yao. Na kuna jambo moja ambalo mimi naliona kubwa kuliko yote yaliyosemwa mahakamani. Watungaji wa toleo la Stanford-Binet la mwaka 1937 waliyachambua maswali ili wavulana na wasichana walingane alama, kwa kuwa waliamini kwamba jinsia hizo mbili zina akili sawa. Kwa weusi na weupe hakuna aliyejishughulisha kufanya hivyo. Basi mtihani ulitoa kile ambacho mtungaji alikuwa amekwisha kukiamini.

Mwaka 1979 Jaji Robert Peckham aliamua kwamba mitihani hiyo ina upendeleo, akapiga marufuku kuitumia kuwapeleka watoto weusi katika madarasa hayo. Lakini mwaka uliofuata, huko Chicago, Jaji John Grady aliyasoma maswali yale yale moja baada ya jingine, akaona ni machache tu yenye kasoro, na akaiacha mitihani iendelee. Majaji wawili, nchi moja, maswali yale yale.

Mwaka 1980 Hilliard alihamia Atlanta, akawa profesa wa elimu ya mijini katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Georgia. Hapo ndipo hoja yake ilipokomaa. Alisema kwamba hata mizani ikiwa safi, haina faida kama mtoto akishapimwa anakwenda kukaa kwenye darasa lisilofundisha chochote. Tatizo alilitafuta kwa mwalimu na kwa chuo kilichomwandaa. Alipenda kutaja shule za mitaa ya kimaskini ambazo watoto wake hufaulu sana, akitaka walimu wanafunzi wazione kwa macho yao. Hakupenda kumlinganisha mtoto mweusi na mweupe. Kwake pengo lililofaa kupimwa ni lile lililopo kati ya mtoto na ubora.

Wengi walimjua zaidi kwa mijadala ya Misri ya kale. Insha za Portland, alizozisimamia katika miaka ya 1980, zilishambuliwa sana, na kwa ile ya sayansi nakubaliana na wakosoaji. Kwa bahati mbaya kelele hizo ziliifunika kazi yake ya darasani. Alifariki Cairo kwa malaria mwezi Agosti 2007.

Na ile kesi je? Mahakama ya rufaa iliithibitisha hukumu mwaka 1984. Hata hivyo watoto weusi waliendelea kujazana katika elimu maalumu, safari hii kwa majina mengine, na mwaka 1986 Peckham akapanua marufuku yake iguse kila kipimo cha akili kwa mtoto mweusi anayefikiriwa kupelekwa huko. Ndipo wakajitokeza wazazi weusi wengine waliotaka watoto wao wapimwe wajue wanasumbuliwa na nini, wakajibiwa kuwa haiwezekani kwa sababu ya rangi yao. Wakaenda kwa jaji yule yule. Mwaka 1992 aliifuta amri ya 1986, akaiacha ile ya 1979 isimame.