Uwanja wa Annunziata na Dirisha Lake la Chuma

Atokaye penye Kanisa Kuu la Firenze, mji ambao vitabu vingi vilivyofika pwani huuita Florence, akaifuata njia ya Via dei Servi, hana mwendo mrefu. Nyumba zimesongamana huku na huku, kivuli kimelala njiani, na mbele yake huonekana mtu wa shaba juu ya farasi. Mara kuta zinaachana na uwanja unafunguka: Piazza della Santissima Annunziata. Mbele pana kanisa lililoupa uwanja jina lake. Kulia pana Ospedale degli Innocenti, nyumba ya watoto waliotupwa, na kushoto jengo la watawa wa Servi di Maria. Pande zote tatu zina baraza zilizoezekwa, zenye matao yaliyobebwa na nguzo za mawe. Mgeni akigeuka nyuma huiona kuba kubwa ya Kanisa Kuu imesimama mwisho wa njia aliyoijia.

Kuba ile na baraza ya kulia ni kazi ya mtu mmoja, Filippo Brunelleschi, sonara aliyejifunza kujenga. Baraza aliianza mwaka 1419, na kuba mwaka uliofuata. Mpenda mashairi hahitaji maelezo marefu ili aitambue siri ya baraza ile, kwani ni mizani. Kimo cha nguzo, nafasi kati ya nguzo na nguzo, na kina cha baraza kutoka nguzo hadi ukutani, vyote ni kipimo kimoja, kama dhiraa 10 za Firenze. Kila nguzo mbili pamoja na ukuta ulio nyuma yake hufanya nafasi ya mraba, na juu yake kuna kijikuba. Kipimo hicho hurudiwa mara 9 bila ya kupunguka wala kuzidi. Mawe ya nguzo ni ya kijivu, ukuta ni mweupe, na hapana nakshi ya kumshughulisha mtazamaji akasahau hesabu.

Utunzi huo ulingojea jibu karibu miaka 100. Mwaka 1516 Antonio da Sangallo mkubwa na Baccio d'Agnolo walipewa kazi ya kujenga upande wa watawa, unaotazamana na wa Brunelleschi. Walikuwa mafundi wenye majina yao, na wangeweza kabisa kuonyesha ubingwa wao kwa kubuni jambo jipya. Badala yake waliitazama baraza ya mkabala wakajenga mwenzake, tao kwa tao. Mwanzoni mwa karne ya 17 Giovanni Caccini akaukamilisha upande wa kanisa kwa matao ya mtindo uleule. Hivyo uwanja ulichukua karibu miaka 200 kukamilika, mikononi mwa watu wasiokutana, na vina havikupotea. Katika historia ya miji unyenyekevu wa namna hiyo ni adimu kuliko ubingwa wenyewe.

Hayo ndiyo husifiwa katika vitabu vya wasafiri, na sifa ni ya haki. Lakini baraza ya kulia haikujengwa ili itazamwe. Neno *ospedale* zama zile lilikuwa na maana ya nyumba ya hifadhi, na aliyeacha fedha za kuanzishia nyumba hii alikuwa na sababu zake.

Francesco Datini alikuwa mfanyabiashara wa Prato, mji ulio jirani na Firenze. Tauni kuu ya mwaka 1348 ilimwacha yatima angali mvulana. Akaenda Avignon, akatajirika kwa biashara ya silaha, nguo, chumvi na kila kitu kilichouzika, akarudi kwao tajiri. Hakutupa karatasi: barua zilizohifadhiwa katika nyumba yake ni kiasi cha 150,000, na kwa sababu hiyo maisha yake yanajulikana kuliko ya wafalme wengi. Katika moja ya barua hizo anaagiza anunuliwe kule Genova kijakazi mdogo wa miaka kati ya 8 na 10, wa kufanya kazi za nyumbani. Mkewe, Margherita, hakujaaliwa mtoto. Mwaka 1392 mjakazi wao aitwaye Lucia, msichana wa miaka kama 20, alimzalia Datini binti, Ginevra. Lucia akaozwa mmoja wa watumishi wa nyumba hiyo. Binti alilelewa kwanza na mikono ya watu, kisha akaletwa nyumbani, na Margherita, ambaye kwa haki yote angeweza kumchukia, akampenda.

Datini alifariki mwaka 1410. Sehemu kubwa ya mali yake aliwaachia maskini wa Prato, na florini 1,000 akaziwekea wasia wa kuanzisha nyumba ya watoto waliotupwa mjini Firenze. Chama cha wafanyabiashara wa hariri, ambacho masonara nao walikuwa wanachama, kikaibeba kazi hiyo, na ndipo Brunelleschi akaitwa. Hakuna awezaye kuuingia moyo wa marehemu aseme kwamba florini zile zilikuwa fidia ya Lucia. Lakini mtu aliyekuwa yatima, kisha akawa baba wa mtoto wa mjakazi, alijua vema anamwekea wakfu nani.

Mjakazi si neno la kupita haraka hapa. Baada ya tauni kuwaua watumishi wengi, serikali ya Firenze iliruhusu mwaka 1363 watumwa waingizwe mjini, mradi wasiwe Wakristo kwa asili. Wengi walitoka pande za Bahari Nyeusi, wakauzwa katika masoko ya Waitaliano huko, kisha wakapitia bandari za Genova na Venezia. Daftari ya mji iliyoandikwa kati ya mwaka 1366 na 1397 ina watumwa zaidi ya 350 waliouzwa, wengi mno wakiwa Watatari, na karibu wote wanawake na wasichana. Walibatizwa, wakapewa majina mapya, wakaingizwa majikoni na vyumbani. Wakazaa, na ikaonekana maziwa yao yana bei. Mjakazi aliyejifungua aliweza kukodishwa kwa nyumba nyingine ili amnyonyeshe mtoto wa tajiri, na fedha zikawa za bwana wake. Kwa hesabu hiyo, mtoto wake mwenyewe alikuwa kizuizi.

Nyumba ilifunguliwa mwanzoni mwa mwaka 1445. Tarehe 5 Februari aliletwa mtoto wa kwanza, wa kike, akaitwa Agata Smeralda, kwa kuwa ile ilikuwa siku ya Mtakatifu Agata. Daftari yenyewe inasema mwaka 1444, maana Firenze ilihesabu mwaka mpya kuanzia tarehe 25 Machi, siku ya kupashwa Mariamu habari, ambayo ndiyo sikukuu ya kanisa lile lililo hatua chache kutoka mlangoni. Waandishi wa nyumba walikuwa makini. Waliandika siku na saa aliyofika mtoto, nguo aliyovikwa, na aliyemleta, kama alijulikana. Ndiyo maana leo inajulikana kwamba katika miaka ya mwanzo wengi wa watoto hao walikuwa wa wajakazi, na baba zao watu wa nyumba zenye heshima.

Mwanzoni mtoto alilazwa katika beseni la jiwe penye baraza. Mwaka 1660 likawekwa dirisha la nondo za chuma, mwisho wa baraza upande wa kushoto. Wenyeji na wageni hupenda kusema kwamba hapo palikuwa na gurudumu, kama yaliyokuwako katika miji mingine, ambalo mtu aliliweka mtoto akalizungusha asionekane. La hasha: ni dirisha tu. Nafasi kati ya nondo ilipimwa ili apite mtoto mchanga peke yake, maana kulikuwa na wazazi waliojaribu kupenyeza watoto wakubwa kidogo, ambao njaa ilikuwa imewashinda kuwalisha. Kwa hiyo katika baraza ile iliyosifiwa kwa vipimo kuna kipimo kingine, cha kichwa cha mtoto wa siku moja.

Waliopokewa walitolewa tena kupelekwa mashambani kwa wanawake wa kuwanyonyesha kwa malipo, na wengi walikufa huko au njiani. Nyumba ilikuwa mara kwa mara na madeni, na watoto walizidi vitanda. Huruma ilikuwapo, na ya kweli, bali haikutosha.

Katika mwaka 1487 Andrea della Robbia aliyajaza maduara matupu yaliyoachwa juu ya nguzo. Alifinyanga watoto 10 wa udongo uliochomwa ukang'arishwa, weupe juu ya buluu, wamezungushiwa vitambaa kuanzia miguuni. Ni kosa kuwatazama mara moja na kudhani ni mtoto yuleyule. Mmoja vitambaa vimembana hadi kifuani, na mwingine vimeanza kulegea na kumwanguka. Wote wamefungua mikono kidogo, viganja nje, na ishara hiyo waweza kuisoma kuwa ni kuomba kubebwa au ni kuonyesha kwamba mikono ni mitupu. Katika karne ya 19 baraza iliporefushwa wakaongezwa wengine wa kuiga, na jicho lililozoea huwatambua.

Katikati ya uwanja yupo Ferdinando wa Kwanza, Mtawala Mkuu wa Toscana, juu ya farasi. Giambologna aliianza sanamu hiyo akiwa mzee, na mwanafunzi wake Pietro Tacca akaimaliza mwaka 1608. Shaba yake ni ya mizinga iliyotekwa katika merikebu za Waturuki na mashujaa wa Mtakatifu Stefano, na maandishi kwenye mshipi wa farasi hayaoni haya kusema hivyo. Mashujaa hao hawakuteka mizinga tu. Waliteka na watu, wakawafunga katika bandari ya Livorno. Huko Livorno Tacca aliweka chini ya sanamu nyingine ya Ferdinando watumwa wanne wa shaba waliofungwa minyororo, na yasemekana aliwafinyanga kwa kuwatazama mateka wenyewe. Chemchemi mbili za majini na madubwana zilizopo Annunziata, ambazo wageni hupiga nazo picha, zilitengenezwa ziende kukaa karibu na watumwa wale. Zikabakizwa Firenze, zikasimamishwa hapa mwaka 1641. Hivyo mtawala wa shaba amewapa ubavu watoto wa udongo, na wote wana hadithi moja ya bahari.

Dirisha lilifungwa mwaka 1875. Taasisi haikufungwa, mpaka leo inashughulika na watoto, na tangu mwaka 1988 shirika la UNICEF liliweka mjini humo kituo chake cha utafiti, kikachukua jina la Innocenti. Toscana imejaa watu waitwao Innocenti, Degl'Innocenti na Nocentini, na si lazima wajue ni bibi yupi aliyepitishwa katika nondo.

Ndani, katika makumbusho, yamo makabati ya visanduku vidogo. Kila kimoja kina jina la mtoto na kile alichofungiwa nguoni alipoachwa: nusu ya sarafu, nusu ya medali, kipande cha rozari, ushanga. Vilikatwa kwa mkasi au vikavunjwa kwa mkono, na nusu ya pili mama alikwenda nayo, ili siku akirudi vipande vilinganishwe, mtoto ajulikane. Nusu zilizomo visandukuni ni za ambao siku hiyo haikuwafikia. Nje, kwenye ngazi za baraza, wanafunzi huketi jioni wakila mkate, migongo yao kwenye mawe ya Brunelleschi.