Kwa Nini Gadi, na Si Kiunzi

Orodha ya istilahi za ujenzi iliyosambazwa hivi karibuni kwa walimu wa ufundi imetuletea tungo hili: "kiunzi cha muda cha kutegemezea zege". Maneno sita, kwa kitu ambacho fundi hukitaja huku amebana misumari kwa midomo. Urefu ningeusamehe. Nisichoweza kusamehe ni kwamba wanakamati wamelivika tungo hilo vitu viwili kwa mpigo: mbao zinazolipa zege umbo, na miti inayozibeba mbao hizo.

Kiunzi kimetokana na kuunda. Ni mifupa ya kitu chenyewe, na mifupa hubaki ndani. Mbao na miti ya zege huondolewa, tena kwa nyakati mbalimbali. Bao la ubavuni mwa boriti laweza kuvuliwa kesho yake, zege lisitikisike. Mti ulio chini ya slabu una habari nyingine: slabu ya unene wa milimita 150 ina uzito wa kilo 360 hivi kwa kila meta mraba, na zege likiwa bichi uzito wote huo umekalia miti. Tarehe 2 Machi 1973, huko Bailey's Crossroads, Virginia, Marekani, jengo refu lililokuwa likijengwa liliporomoka na kuua wafanyakazi 14, kwa sababu miti ya ghorofa za juu ilitolewa kabla zege halijakomaa. Sasa mnyapara akiambiwa "toeni kiunzi", atoe kipi?

Kwa mbao sina ugomvi mkubwa, maana neno lipo: kalibu. Sonara analo, msubu shaba analo. Tulilipata kwa Waarabu, nao wanasema qalib. Na wanaofuatilia nasaba za maneno hulifikisha kwa Wayunani, waliokuwa na kalapous, yaani mguu wa mti, ule ambao mshona viatu huuvisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Waturuki mpaka leo kalibu ya zege huiita kalıp, bila kuunda kamati. Hata tunapomsifu mtu kuwa ni wa kaliba ya juu, ni mguu ule ule wa mti tunaousifu. Neno lililotembea kote huko, likafika hapa likiwa zima, linaachwa nje ya orodha ili "kiunzi cha muda" kipate nafasi.

Lakini shabaha yangu ni miti. Kwenye majengo ya Tanzania utasikia mirunda, na ikiwa ya chuma, propu. Nawaheshimu mafundi, ila mirunda ni jina la mali, si la kazi: mrunda ukiwa bado umelala kwa muuza miti ni mrunda vilevile. Mwandishi mwenzangu mmoja, ambaye hupenda kunisahihisha hadharani, amependekeza "mihimili". Mhimili hauondolewi. Dola ina mihimili mitatu, na sijasikia Bunge likifunguliwa skrubu baada ya wiki mbili.

Pwani tuna gadi. Jahazi likipwelewa, maji yakalikimbia, huegemea ubavu na kuweza kupasuka mbao kwa uzito wake lenyewe. Mabaharia hulitia magadi: miti mifupi imara, kichwa kimekita ubavuni, mguu umesimama juu ya kipande cha ubao ili usizame mchangani. Kitendo hicho ni kugadimu. Chombo kikishagadimiwa, mafundi huingia chini wakakalafati na kupaka shahamu bila wasiwasi. Maji yakijaa, jahazi likajibeba, magadi hutolewa na kuwekwa kando kwa safari nyingine. Tazameni sifa zote: mti, mzigo, muda, na kuondolewa pale tu kinachobebwa kinapoweza kujibeba. Hata kile kipande cha ubao kimo. Fundi wa ghorofa naye hukiweka chini ya mrunda ardhi ikiwa laini. Waingereza nao neno lao la miti ya kuegemezea meli ndilo wanalotumia kwa miti ya kuegemezea jengo. Wao walichukua cha pwani yao wakapanda nacho ghorofani. Sisi tuambiwe chetu ni "cha kimahali mno"? Hayo ndiyo niliyojibiwa na wanakamati, kwa barua ya mistari miwili.

Kuna na wale wa kuchekesha baraza: mhandisi ataagiza magadi mia nne, aletewe magunia ya magadi ya kuivishia maharage. Kichekesho kizuri, hoja dhaifu. Magadi ya jikoni hayana umoja. Hakuna anayetia gadi moja chunguni. Tena Kiswahili kina paa la nyumba na paa wa mbugani, na sijaona mtu akiezeka swala.

Nimekwenda hatua moja mbele: kuondoa magadi nimekuita kugadimua, kama funga na fungua. Wakali wa sarufi wamenuna kwamba kitenzi hiki si cha kubebeshwa kiambishi hicho. Wanune. Propu ya chuma ya kurefushwa kwa pini na skrubu, ile ambayo Mswisi William de Vigier aliiuza kutoka London tangu miaka ya 1930, naiita gadi la chuma, basi.

Matumizi, kwa ufupi, maana nafasi imekwisha: kalibu za ubavuni huvuliwa kwanza, magadi hubaki mpaka mhandisi aseme. Boriti iliyokaa juu ya nguzo mbili hugadimuliwa kuanzia katikati kuelekea kwenye nguzo. Slabu ya baraza inayoning'inia huanziwa ncha ya nje, kurudi ukutani.