Boriti za Rufiji na Karatasi Iliyosema Hapana

Mwanzoni mwa muhula huu baadhi yetu katika chama tulikwenda Mutrah kuangalia nyumba kongwe inayotengenezwa upya. Tulifuata milango, maana tulikuwa tumepanga makala ya picha kuhusu nakshi. Mzee aliyetupokea, ambaye sote tulimwita Ami, alizaliwa Unguja na kuja Omani akiwa kijana. Milango haikumshughulisha. Alituingiza chumba cha ndani ambacho dari lake lilikuwa limefunuliwa, akanyanyua fimbo yake. "Wanangu, hizi boriti si za hapa. Za Rufiji hizi." Akaendelea kutueleza kwamba chumba kile kimoja tu kilikula zaidi ya korija. Nusu yetu hatukujua korija ni nini. (Ni ishirini. Kamusi tuliifungua ndani ya gari, kwa aibu.)

Makala ya milango haikuandikwa. Tumeandika hii, ya msitu lilikotoka dari lile, na ya ugomvi uliotokea siku alipokuja mtu na mradi mkubwa wa kuutumia msitu huo kwa jambo jingine.

Tuanze hapa hapa nyumbani. Wengi wetu hupita Qurm kila siku bila ya kufikiri kwamba jina lenyewe ndiyo mikoko kwa Kiarabu. Kipande kilichobaki kando ya barabara, hekta mia moja na kidogo, kilitangazwa hifadhi mwaka 1975, na mwaka 2013 kikaingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Mti uliomo ni wa aina moja tu, ule ambao Waswahili wanauita mchu. Mchu wa huku ni mfupi na umejipinda. Ni mzuri kwa kaa, kwa ndege na kwa ngamia anayependa majani yake ya chumvi, lakini hauezeki nyumba. Ndiyo maana majahazi ya Sur na ya Ghuba nzima yalifuata upepo wa kaskazi hadi Lamu na Rufiji, ambako kuna mkoko wenyewe, mkandaa, msinzi, mlilana, mkomafi, msikundazi na mchu pia, tena mirefu na iliyonyooka. Wakataji walikuwa na jina kwa kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, na vigingi vilivyo vinene zaidi. Vyumba vya nyumba za zamani, uwe Lamu au Mutrah au Kuwait, ni virefu na vyembamba kwa sababu hiyo hiyo. Upana wa chumba ulikuwa urefu wa boriti.

Alan Villiers, baharia na mwandishi kutoka Australia, alisafiri mwaka 1939 na jahazi la Kuwait liitwalo Bayan hadi ndani ya delta ya Rufiji, akaandika kitabu, Sons of Sindbad. Anachosimulia si uzuri wa mandhari bali matope na mbu, na mabaharia wanaozama hadi magotini wakibeba miti mabegani. Jahazi liliposheheni likageuka na kurudi Uarabuni. Shehena kama hiyo ndiyo iliyokuwa juu ya vichwa vyetu siku ile Mutrah.

Sasa, msitu ule ni wa nani? Swali hili ndilo lililobeba yote yaliyofuata. Mwambao wa Bara ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar mpaka mwaka 1890, ulipotolewa kwa Wajerumani kwa malipo ya maki milioni 4. Haukupita muda mrefu maofisa misitu wa Kijerumani wakawa wameingia kwenye delta na kuitangaza mikoko kuwa mali ya serikali. Walitaka ushuru wa boriti, na walitaka magome yake, ambayo hutoa rangi ya kudabagia ngozi. Waingereza walipochukua Tanganyika waliendelea vivyo hivyo, na serikali ya uhuru ikarithi mafaili. Maana yake kwa mkaazi wa delta ni hii: babu yake alilima mpunga pale, yeye mwenyewe anavua pale na kuzika wafu wake pale, lakini kwa karatasi anaishi ndani ya msitu wa hifadhi wa serikali, na hati ya shamba hawezi kuipata. Anayetaka kuanzisha jambo kubwa huko haanzi kubisha hodi kwake.

Biashara ya boriti ilifika ukingoni. Kenya ilipiga marufuku kuzisafirisha nje mwaka 1982, na Tanzania nayo ikafunga ukataji wa mikoko kabla ya muongo kwisha, mpaka upatikane mpango. Mpango ulikuja mwaka 1991, ukiongozwa na Profesa Adelaida Semesi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Tunamtaja kwa heshima, kwa sababu alifanya kazi ambayo tangu Wajerumani haikuwahi kufanywa kwa ukamilifu ule: kuipima mikoko yote ya Tanzania Bara na kuigawa mafungu manne. Fungu la kwanza lilikuwa la kulindwa kabisa, la pili la kuvunwa kwa kiasi, la tatu la kuachwa lipone, na la nne la shughuli nyingine za maendeleo. Delta ya Rufiji peke yake ilikuwa na karibu nusu ya mikoko yote ya Bara.

Fungu la nne ndilo mlango uliobaki wazi.

Katikati ya miaka ya 1990 kampuni iitwayo African Fishing Company iliomba eneo la delta ili ifuge kamba. (Kamba wa kuliwa, si wa kufungia mashua.) Mabwawa yaliyotajwa yalifikia karibu hekta 10,000, na kwa ukubwa huo lingekuwa miongoni mwa mashamba makubwa ya kamba duniani. Tanzania ilikuwa imetoka kwenye miaka migumu ya uchumi na ilikuwa inawatafuta wawekezaji kwa taa mchana. Ajira ziliahidiwa, na fedha za kigeni pia. Tusiwacheke waliovutiwa. Delta haikuwa na barabara, wala umeme, wala hospitali ya kutosha, na wapo wanakijiji walioona kwamba hatimaye serikali imewakumbuka.

Maombi yalipelekwa kuchunguzwa na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, NEMC. Hapa inafaa kueleza kilichokuwa kinachunguzwa, kwa sababu mtu anaweza kudhani ni suala la kuhesabu miti tu. Udongo wa mikoko una salfa nyingi iliyolala chini ya maji. Ukiuchimba bwawa na hewa ikaingia, huanza kutoa tindikali, na bwawa lililogharimu mamilioni huweza kuwa halifai baada ya miaka michache. Thailand na Ecuador walikuwa wameshaliona hilo: mikoko imefyekwa, mabwawa yameachwa, na wafugaji wamehamia kipande kingine. Halafu kuna maji machafu yenye mabaki ya chakula na dawa, ambayo lazima yamwagwe mahali. Na kuna jambo ambalo mvuvi yeyote wa Rufiji angelieleza bila kulipwa ushauri: kamba wa pori, ambao tayari walikuwa wanavuliwa na kuuzwa nje kutoka bahari ya Rufiji na Mafia, hukulia kwenye mizizi ya mikoko ile ile. Ungekata kitalu cha bure ili ujenge kitalu cha gharama.

Wataalamu waliipitia tathmini ya athari kwa mazingira iliyoletwa na kampuni, wakaona haitoshi. Ushauri wa NEMC ukawa kwamba mradi usikubaliwe.

Mwezi wa Novemba 1997 Baraza la Mawaziri likaukubali.

Tuliposoma mara ya kwanza tulidhani kuna sheria iliyovunjwa. Haikuvunjwa. NEMC iliundwa kwa sheria ya mwaka 1983, na sheria hiyo iliipa kazi ya kushauri. Tathmini ya athari kwa mazingira ilikuwa inafanywa kwa desturi, kwa sera, na kwa shinikizo la wafadhili, lakini hakukuwa na kifungu kilichosema kwamba jibu la hapana linamzuia mtu. Ni sawa na kumpeleka mgonjwa kwa daktari, kumsikiliza vizuri, kumshukuru, na kwenda zako.

Lakini karatasi ile haikufa, na sisi tunaona hapo ndipo penye historia yenyewe. Chama cha Waandishi wa Habari za Mazingira, JET, kiliyapeleka mambo ya delta magazetini. Wanasheria wa LEAT, kikundi kilichoanzishwa mwaka 1994, waliwasaidia wanakijiji kwenda Mahakama Kuu. Fikiria kesi hiyo ingekuwaje kama wanakijiji wangekuwa na malalamiko yao tu. Wangeambiwa wanapinga maendeleo, kama wanavyoambiwa watu wa vijijini kila pahala. Badala yake waliweza kusema: chombo cha serikali yenyewe, chenye wataalamu wa serikali, kimesema hivi tunavyosema sisi. Mvuvi na mwanasayansi walikuwa wamefika kwenye jibu moja kwa njia mbili, na jibu lilikuwa limeandikwa.

Mradi haukwisha kwa hukumu ya kishujaa. Ulicheleweshwa na kubishaniwa hadi nguvu na fedha zikaisha, na kufikia miaka ya mwanzo ya 2000 ulikuwa umekwisha bila ya mabwawa yale kuchimbwa. Mwenzetu mmoja katika chama anashikilia kwamba ni bahati tu. Sisi wengine tunasema kucheleweshwa nako kuna mwenyewe: bila ya magazeti na mahakama, miaka ile mitatu minne ingetosha kufyeka.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba somo lilisikika hata ndani ya ofisi. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 ilitaka tathmini ifanywe kabla ya miradi mikubwa ndani ya misitu ya hifadhi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ikaifanya tathmini kuwa lazima kwa nchi nzima, ikaipa NEMC meno ambayo haikuwa nayo mwaka 1997, na ikaweka wazi kwamba wananchi washirikishwe. Mwaka huo huo wa 2004 eneo la Rufiji, Mafia na Kilwa likaingia Ramsar.

Huku Omani tunao mfano wetu, na haufai kurukwa kwa sababu tu ni wa nyumbani. Hifadhi ya choroa wa Arabuni huko Jiddat al-Harasis iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1994. Mwezi wa Juni 2007 ikaondolewa, ikiwa ya kwanza duniani kufutwa, baada ya eneo lake kupunguzwa kwa asilimia 90 ili kutafutwe mafuta na gesi. Choroa waliokuwa 450 mwaka 1996 walikuwa wamebaki 65, na ujangili ulikuwa umechangia sana. Mwezi huo huo kimbunga Gonu kiliizamisha Qurm. Watu wa Maskati wanaukumbuka mwezi ule kwa maji, si kwa choroa. Jangwa nalo ni ardhi ya umma, na mpaka wake nao huchorwa kwenye karatasi.

Turudi Rufiji, maana mto haukusimama. Mwaka 2019 ulianza ujenzi wa bwawa la Julius Nyerere kwenye mto huo huo, juu kabisa, ndani ya Selous, pori lililokuwa kwenye Urithi wa Dunia tangu 1982. Umeme wake ni megawati 2,115, na maji yalianza kujazwa Desemba 2022. Safari hii sheria ilikuwepo na tathmini ilifanywa. Wataalamu wa IUCN waliipitia wakasema haikufikia kiwango, khasa kwa yale yatakayotokea mtoni chini ya bwawa. Sisi hatupingi umeme. Wenye ndugu Dar es Salaam wanajua mgao wa umeme ni nini. Lakini delta inaishi kwa tope linaloletwa na mafuriko, na bwawa huzuia tope. Katika ugomvi wote ule uliozungumzwa kimataifa, ulihusu zaidi tembo na miti ya Selous. Mkulima wa mpunga wa Mbwera na Salale alitajwa kwa nadra, ilhali yeye ndiye aliyekuwa mwenye kesi mara ya kwanza.

Tulimrudia Ami baada ya kuyasoma haya, tukamsimulia. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama mikoko bado ipo. Tukamwambia ipo, ingawa mashamba ya mpunga yanaila upande wa kaskazini. "Na hao wanaolima, wamepewa ardhi nyingine?" Hatukuwa na jibu.

Fundi alikuwa ameshabadilisha dari la chumba cha ndani kwa chuma. Boriti za zamani zilipangwa uani, nyeusi kwa moshi wa miaka, nyingine zikiwa bado na alama ya shoka. Ami alitaka tumhesabie, akaketi kivulini kutusikiliza. Ilikuwa korija moja na tatu.