Seva za programu na huduma za wavuti: lugha ya vikaoni na lugha ya sokoni



Wengi wetu huku ughaibuni tumekula mkate wa kompyuta, hata sie tulioondoka nyumbani na shahada za fasihi na historia. Basi si vibaya tukiitazama nasaba ya kitu ambacho baadhi yetu tumekitumikia miaka mingi: seva ya programu, na nduguye huduma za wavuti. Mimi naiona historia hii kuwa ni ugomvi juu ya nani apewe haki ya kuandika lugha ambayo mashine za watu mbalimbali zitaelewana kwayo. Anayepinga ajiandae.

Kwanza kitu chenyewe. Chukua benki. Nyuma kuna hifadhidata, mbele kuna karani na mteja. Katikati panatakiwa kitu cha kupokea maombi ya watu elfu kwa mpigo, na kuhakikisha kwamba pesa ikitoka akaunti hii inaingia ile, ama sivyo isitoke kabisa. Kazi hii ni kongwe kuliko wavuti. Tuxedo, mfumo wa kusimamia miamala, ulianza kutengenezwa katika kampuni ya AT&T mwaka 1983. Halafu mwaka 1989 makampuni yakaunda jumuiya iitwayo OMG, na mwaka 1991 ikatoka CORBA, iliyokusudiwa iwe lugha ya mashine zote. Sasa sikilizeni kichekesho: toleo hilo la kwanza halikueleza jinsi mfumo wa kampuni moja utakavyozungumza na ule wa kampuni nyingine! Lugha ya kuwaunganisha watu, lakini kila mtu na lafudhi yake, na hakuna anayemsikia mwenziwe. Kasoro hiyo ilikuja kurekebishwa katika toleo la pili.

Java ilitoka mwaka 1995. Mwaka huohuo mabwana watatu, Bill Coleman, Ed Scott na Alfred Chuang, walianzisha BEA, jina lililofanywa kwa herufi za mwanzo za majina yao. BEA ikaichukua Tuxedo, na mwaka 1998 ikainunua WebLogic. IBM nayo ikaja na WebSphere mwaka huo wa 1998. Desemba 1999 Sun ikatangaza J2EE, yaani sheria ambazo kila seva ya programu ya Java ilitakiwa izifuate. Leseni zikiuzwa kwa maelfu ya dola kwa kila prosesa. Ukitaka kuandika kijiprogramu kimoja tu cha EJB, ulitakiwa uandike vipande vitatu vya Java, na juu yake faili la XML la kuvielezea vipande hivyo. Mtu alikuwa anapiga hodi mara nne kabla hajaingia nyumbani kwake mwenyewe.

Waliochoka hawakungoja kikao. Marc Fleury, Mfaransa, alianzisha EJBoss mwaka 1999 kama programu huria. Sun ikalalamika kuhusu jina, ikakatwa herufi moja, ikabaki JBoss. Mwaka 2006 Red Hat ikainunua. Naye Rod Johnson wa Australia alitoa kitabu mwaka 2002 akionyesha kwamba kazi nyingi za J2EE zinafanyika bila ya EJB kabisa. Kutokana na msimbo wa kitabu hicho ikazaliwa Spring, toleo la 1.0 likatoka Machi 2004. Wakubwa walipokuja na EJB 3.0 mwaka 2006, mambo mengi humo yalikuwa ni yaleyale watu waliyokwisha kuyazoea nje.

Hapa nataka niwe muadilifu. Kamati si lazima ishindwe. Sisi tunaukumbuka mkutano wa Mombasa wa 1928, uliochagua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu. Watu wa Kimvita wana malalamiko yao mpaka leo, na wana haki, lakini kilichochaguliwa kilikuwa ni lugha yenye wasemaji. CORBA na EJB za mwanzo hazikuwa na msemaji hata mmoja siku zilipotangazwa. Naona tofauti iko hapo.

Tuje kwenye huduma za wavuti. XML ilipitishwa Februari 1998, na mwaka huo Dave Winer, Don Box, Bob Atkinson na Mohsen Al-Ghosein wakabuni SOAP: programu moja inaifungia nyingine barua ya XML na kuipeleka kwa njia ileile inayopitisha kurasa za wavuti. Herufi ya kwanza, S, ilisimama badala ya neno la Kiingereza lenye maana ya "sahili". Mwaka 2000 IBM, Microsoft na Ariba wakaja na UDDI, daftari la dunia nzima ambamo mashine ingejitafutia huduma inayoitaka. Zikafuata kanuni za usalama, za anwani, za uhakika wa barua kufika, kila moja na kitabu chake. SOAP 1.2 ilipopitishwa mwaka 2003, ilitamkwa rasmi kwamba herufi zile hazisimamii tena neno lolote. Usahili wenyewe ulikuwa umeshaondoka zamani! Daftari la wazi la UDDI nalo lilifungwa Januari 2006.

Niliyaonja haya. Kazini kwangu mfumo mmoja uliandikwa kwa Java na mwingine kwa .NET, na tuliahidiwa kwamba SOAP itavioanisha. Katika .NET ya siku zile tarehe haikuweza kuachwa tupu, kwa hiyo penye tarehe isiyojulikana ilipelekwa tarehe 1 Januari ya mwaka wa 1. Upande wa Java ukaipokea kwa heshima zote na kupiga hesabu. Asubuhi moja tukawa na wastaafu kadhaa wenye umri wa miaka elfu mbili. Barua zilikuwa halali kwa kila kanuni, wallahi, hazikuwa na kosa hata moja.

Wakati huo Roy Fielding, mmoja wa waandishi wa HTTP 1.1, alikwisha kuandika tasnifu yake ya 2000 kule Irvine, California, akieleza mtindo aliouita REST. Kwa ufupi: wavuti tayari ina lugha yake, kuna anwani na kuna vitenzi vichache vya kuleta, kuweka na kufuta, basi vitumieni. Amazon ilipofungua huduma zake mwaka 2002 ilitoa njia zote mbili, SOAP na ile nyepesi, na watu wengi wakaifuata nyepesi. Google iliacha kuwapokea wapya katika huduma yake ya SOAP ya utafutaji Desemba 2006.

Zile seva kubwa ziligeuka urithi wa kugombewa. Oracle iliinunua BEA mwaka 2008, na Sun mwaka 2010. Mwaka 2017 ikaamua kuikabidhi Java EE kwa Eclipse Foundation, lakini jina la Java halikwenda nayo, ikabidi mwaka 2018 iitwe Jakarta EE. Hata neno "javax", lililoandikwa kwenye mamilioni ya mistari ya programu, likabidi libadilishwe kuwa "jakarta" katika toleo la 2020. Mtoto kapewa mlezi mpya na kakatazwa kutumia jina la baba.

Na kwetu? M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, na mitambo yake ilikuwa ikikaa Ujerumani. Ilihamishiwa Kenya mwaka 2015, na mwaka huohuo Safaricom ikawafungulia watunga programu mlango wa SOAP. Kijana mwenye kiduka cha mtandaoni aliyetaka tu kujua kama mteja kalipa alilazimika kupambana na bahasha za XML. Mwaka 2017 ukaja mlango wa REST, wakauita Daraja. Somo likawa jepesi, na majaribio mtu anayafanya bure. Ila kupitisha pesa halisi bado kunahitaji kibali cha kampuni yenyewe.

Waliowahi kuupitia ule mlango wa 2015 watuhadithie.

Wasalaam.