Biti za ruta kwa mbao za banda
Biti za ruta ni vikatio vinavyofungwa kwenye mashine ya ruta ili kuchonga kingo za mbao. Kwa ukuta wa nje wa banda la kuhifadhia kahawa au maharage Kayanga, wilayani Karagwe, penye misimu miwili ya mvua, biti ya kukata hatua ndiyo bora: ubao wa milimita 20 hupunguzwa milimita 10 kila ukingo, kwa pande zinazopingana, ili wa juu uulalie wa chini na maji yateremkie nje. Seti ya biti za ulimi na mfereji hutoa kiungo kinachobana zaidi, lakini ulimi lazima uelekee juu, na ubao uliofungwa mbichi hunywea, ulimi ukachomoka. Aina ya mbao nayo huamua biti: mkaratusi ni mgumu. Hutaka biti ya kabaidi yenye shina la nusu inchi, tena kwa mapito mawili. Msindano hauna makuu.