Hisia za Wageni Mbele ya Urithi Usioshikika: Chuma cha Ufipa

Urithi usioshikika ni wimbo, ngoma, hadithi, mwiko na ujuzi wa mikono. Jembe kuukuu hutundikwa ukutani na kutazamwa; wimbo ulioimbwa chuma chake kilipokuwa kikiyeyushwa hautundikiki. Makumbusho yanayohifadhi urithi wa namna hii hutegemea sana jinsi mgeni anavyoguswa moyo, na kuguswa huko hutokana zaidi na mtu anayesimulia kuliko kitu kilichowekwa mbele yake.

Uwanda wa juu wa Ufipa, baina ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, unaonyesha jambo hili waziwazi. Porini, nje ya Sumbawanga na katika Nkansi, yamebaki malungu, yaani matanuri marefu ya udongo ya kuyeyushia chuma. Mengi yako karibu na vichuguu, maana udongo wa kichuguu ndio uliotumika kuyajenga. Ilungu moja huweza kufikia kimo cha meta 3. Chini lina mlango, na matundu kulizunguka ambamo mabomba ya udongo yaliingizwa. Upepo uliingia wenyewe, bila mtu kuvuta mivukuto. Chuma kilichopatikana kilikuwa bado na taka, kikasafishwa kwa mivukuto katika tanuri dogo liitwalo kintengwe, ndipo mhunzi akafua majembe.

Mgeni aliyeachwa peke yake hapo ataona ukuta wa udongo uliopasuka na mavi ya chuma yaliyotapakaa chini. Aambiwe sasa kwamba tanuri lilihesabiwa kuwa bibi harusi: likapambwa, likaimbiwa, kikapu cha dawa kikafukiwa ndani yake kabla ya kuwashwa moto, na wayeyushaji wakajitenga na wake zao hadi kazi iishe. Ukuta ni uleule, ila mgeni sasa ana la kuuliza, na wengine huanza kuhisi wamesimama mlangoni pa nyumba ya watu. Msimulizi akiwa mzee ambaye baba yake alikuwa mhunzi, hisia hiyo huwa nzito zaidi, kwa sababu mgeni anamwona mtu aliyebeba kumbukumbu yenyewe.

Hisia hizo hazifanani kwa watu wote. Mfipa hujivunia kwamba wazee wake walitoa chuma katika mawe ya nchi yao, kisha huumia akikumbuka jinsi ujuzi huo ulivyozimika enzi za ukoloni, majembe ya dukani yalipoenea. Wahunzi waliobaki wakawa wanafua vyuma chakavu. Kwa Wakatoliki, ambao ni wengi sana Ufipa, fahari huchanganyika na wasiwasi. Mwaka 1914 mmisionari Wyckaert alichapisha makala iliyowagawa wahunzi wa huku makundi mawili, wapagani na Wakristo, na mgawanyiko huo haujatoka wote katika nyoyo za watu. Mgeni wa kutoka mikoa mingine huja na hofu, kwa sifa ya uchawi iliyoupata mji wa Sumbawanga. Akisikia habari za kikapu cha dawa, hofu hiyo hupata pa kushika. Msimulizi asiyeeleza kwamba dawa zile zilikuwa sehemu ya kazi, pamoja na makaa na udongo, anamrudisha mgeni kwao na uvumi uleule aliokuja nao.

Tatizo hili si la Ufipa peke yake. Mtafiti Laurajane Smith, katika kitabu chake cha mwaka 2021 kilichotokana na mahojiano na maelfu ya wageni Uingereza, Australia na Marekani, alionyesha kwamba wengi huenda makumbusho ili kuthibitisha wanachokiamini na kukihisi tayari. Kinachoweza kuitikisa hali hiyo, kwa maoni yangu, ni kumshirikisha mgeni. Huko Bujora, karibu na Mwanza, wakati wa sikukuu ya Bulabo, makundi mawili ya wachezaji, Wagika na Wagalu, hushindana kwa ngoma, na mtazamaji hujikuta amechagua upande bila kuombwa. Hadithi za Kifipa nazo huhitaji wasikilizaji. Mtafiti Roy Willis alizikusanya katika kitabu cha mwaka 1978, nazo zinasomeka vizuri, lakini msomaji hasikii sauti ya msimulizi ikipanda na kushuka, wala hana wa kucheka naye.

Kushirikisha kuna mpaka wake. Mwanaakiolojia Bertram Mapunda ameandika kwa kina juu ya uyeyushaji wa Ufipa, na wengi sasa wanaweza kuifahamu kazi hiyo hatua kwa hatua. Hata hivyo yako mambo, hasa ya dawa, ambayo fundi alimwachia mrithi wake tu. Mgeni akinyimwa hayo huweza kukasirika, na kukasirika huko nako ni sehemu ya ziara. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa kulinda urithi usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011, unataka urithi ufikiwe na watu huku desturi zinazoweka mipaka ya kufikia baadhi ya sehemu zake zikiheshimiwa.