Kilimo katika Makere

Kilimo katika Makere ni shughuli kuu ya wakazi wa kata ya Makere, katika Wilaya ya Kasulu, Mkoa wa Kigoma, magharibi mwa Tanzania. Kata hiyo iko kwenye barabara ya kutoka Kasulu kwenda Kibondo, katika nyanda za juu ambazo kwa jadi huitwa Buha, yaani nchi ya Waha. Karibu nayo iko Kambi ya Wakimbizi ya Nyarugusu, na ukaribu huo umekipa kilimo cha Makere historia tofauti na ya vijiji vingine vingi vya mkoa.

Majira na mazao

Mvua huanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei, ila mara nyingi hupungua kwa muda mnamo Januari au Februari. Urefu wa majira hayo humwezesha mkulima kupanda maharage mara mbili: kwanza mwanzoni mwa mvua, yakichanganywa na mahindi, halafu tena Februari au Machi. Maharage hukomaa kwa takriban miezi mitatu. Kwa hiyo yale ya kwanza huvunwa mahindi yakiwa bado shambani, wakati akiba ya mwaka uliopita imekaribia kwisha. Pia huongeza naitrojeni kwenye udongo, jambo kubwa kwa mkulima asiye na fedha ya mbolea ya dukani.

Muhogo ndio kinga ya njaa. Hauna siku maalumu ya kuvunwa: unaweza kuachwa ardhini mwaka mmoja au zaidi, ukachimbwa kidogo kidogo kadiri nyumba inavyohitaji. Huloekwa, hukaushwa juani na kusagwa kuwa unga wa ugali, unaoliwa kwa maharage, kisamvu au dagaa kutoka Ziwa Tanganyika. Lakini zao hili limeshambuliwa na magonjwa mawili ya virusi, batobato na michirizi ya kahawia. La pili ni baya zaidi kwa kuwa majani yanaweza kuonekana mazima huku mizizi inaoza, na mkulima akagundua hasara siku ya kuchimba. Virusi huenezwa na nzi weupe, na pia na vipando vinavyotoka kwenye shina lenye ugonjwa. Desturi nzuri ya jirani kumpa jirani mbegu hapa huwa na hatari yake.

Karibu na nyumba kuna migomba, na sehemu nyingine za shamba hupandwa viazi vitamu, karanga na mboga. Kazi nyingi hufanywa kwa jembe la mkono, na sehemu kubwa ya palizi ni ya wanawake.

Mavuno kama fedha

Kaya nyingi hazina mshahara, hivyo gunia la mahindi au maharage ndilo linalogeuzwa kuwa sare za shule, dawa au bati la kuezekea. Tatizo ni wakati wa kuuza. Baada ya mavuno kila mtu anahitaji fedha, bei inashuka, na miezi michache baadaye kaya hiyohiyo inaweza kununua chakula kwa bei ya juu. Hasara huongezeka pale mnunuzi anapojaza gunia kwa lumbesa badala ya kutumia mizani, ingawa sheria inakataza.

Kukosa fedha nyumbani si jambo jipya. Wakati wa ukoloni Kigoma ilikuwa eneo la kutoa vibarua, na vijana wengi wa Kiha walikwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge ya Tanga ili kupata fedha ya kodi.

Kambi ya Nyarugusu

Kambi ilifunguliwa mwaka 1996 kwa wakimbizi kutoka Kongo, hasa Kivu ya Kusini. Mwaka 2015 ilipokea pia Warundi wengi, na idadi ya watu wake ikapita 150,000. Kwa mkulima jirani, hao walikuwa wanunuzi waliofika karibu na shamba lake. Mgawo wa kambi ni hasa unga wa mahindi, kunde kavu na mafuta. Ndizi, mboga, muhogo na viazi hutafutwa kwa kununua au kubadilishana. Wakimbizi nao waliuza sehemu ya mgawo wao, na baadhi walifanya vibarua mashambani, ingawa kanuni zinawazuia kutoka kambini bila kibali.

Mwishoni mwa mwaka 2016 Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP) lilianza kuwapa baadhi ya wakimbizi fedha badala ya chakula. Serikali ilisimamisha mpango huo mwaka 2017, na katika miaka iliyofuata masoko ya pamoja ya kambi za Kigoma yalifungwa. Hatua hizo zilikusudiwa kwa wakimbizi, lakini mama wa kijijini aliyezoea kuuza mafungu ya mchicha naye alipoteza wateja.

Ardhi na misitu

Kuni za kambi na za vijiji hutoka katika misitu ileile. Upande wa kusini kuna Hifadhi ya Msitu ya Makere Kusini, ambako wakulima, hasa wa Kagera Nkanda, wamekuwa na mgogoro wa muda mrefu na wasimamizi wa msitu kuhusu mipaka. Wakulima wanataka ardhi mpya kwa sababu mashamba ya zamani yamechoka na familia zimeongezeka. Wasimamizi wanalinda miti na vyanzo vya maji, ambavyo mashamba hayohayo huvitegemea.